Kindi Katika Dari ya Baba

Mvua za kwanza tangu tumzike mama zilipokwisha, baba alianza kusema kuna watu juu ya dari.

Nilisikia maneno hayo Jumapili moja nilipokwenda kumwona nyumbani, Adungosi. Tulikuwa tumemaliza kula, tumekaa sebuleni. Aliinua fimbo yake akaielekeza juu, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yameacha doa kwenye dari.

"Wanakaa hapo," alisema. "Asubuhi wanavuta viti."

"Akina nani, baba?"

"Sijui. Hawajaniambia."

Nilisikiliza. Nje kulikuwa na kuku, na pikipiki ikipita kuelekea sokoni. Juu kulikuwa kimya kabisa. Nilimwambia huenda ni mabati yanapanuka kwa jua, naye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali ili mgeni asione haya.

Baba alifanya kazi kituo cha reli cha Malaba karibu maisha yake yote ya kazi. Masikio yake mama aliyatania kuwa ni mali ya serikali. Tulipokuwa wadogo tulikaa nyumba za karibu na reli, na yeye aliisikia treni ya mizigo kabla sisi hatujasikia chochote, akatuambia kama imejaa au inarudi tupu. Lakini sasa alikuwa ameanza kusahau. Redio tuliikuta ndani ya kabati la sufuria. Aliuliza kama mama amerudi kutoka misa, na akiambiwa mama hayuko tena aliangalia mikono yake, kisha baada ya muda akauliza tena. Watu wa juu ya dari tuliwaweka fungu moja na hayo.

Mimi huuza mitumba sokoni Busia, nguo za watoto hasa, na wateja wangu wengi huvuka kutoka upande wa Uganda. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, anaishi Nairobi. Baba alikuwa akipikiwa na jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa rafiki ya mama yetu. Kaka alipokuja likizo tulimpeleka baba kliniki Busia. Daktari alikuwa mpole, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatuita pembeni.

"Wazee wengine husikia vitu ambavyo havipo," alisema. "Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Utaendelea, lakini polepole."

Alimwandikia vidonge vya kumtuliza. Vilimtuliza kupita kiasi. Baba alilala asubuhi, akalala mchana, na alipoamka mdomo wake ulikuwa mzito, hata neno "maji" lilimchukua muda. Lakini hakutaja tena watu wa juu, na sisi tuliona hiyo ni nafuu.

Kisha yule jirani akaenda Tororo kwa binti yake aliyekuwa amejifungua. Nikafunga kibanda changu, nikafungasha nguo, nikahamia Adungosi.

Asubuhi ya kwanza niliamka kukipambazuka kuwasha moto wa chai. Nilikuwa nimeinama mbele ya jiko nilipozisikia mbio juu yangu. Zilikuwa nyepesi, za haraka, kama mtu amemwaga njugu juu ya dari zikabingirika hadi ukutani. Kukawa kimya. Kisha kitu kikavutwa, kikaachwa, kikavutwa tena. Nilisimama na kibiriti mkononi.

Baba alikuwa mlangoni, amevaa koti lake kubwa juu ya nguo za kulalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Aliniangalia kwa muda mrefu, macho yakitafuta kama namdanganya. Kisha mabega yake yakashuka.

"Asante, mama," alisema.

Mimi nimebeba jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nilipozaliwa hajawahi kuniita kitu kingine. Mama, lete viatu. Mama, umekula? Nilikuwa nimeizoea sauti hiyo maisha yangu yote, lakini asubuhi ile niligeukia jiko ili asinione machozi.

Kulipopambazuka vizuri tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi tukitazama paa. Haikuchukua muda. Kichwa kidogo kilichomoza mahali ambapo ubao wa ukingo wa paa ulikuwa umeoza na kuachana na mabati. Ndevu zikachezacheza. Kindi alijitoa mzima, mkia wake mpana nyuma yake, akakimbia juu ya bati na kurukia tawi la mparachichi lililokuwa limelala karibu juu ya nyumba.

Baba alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mazishi.

Nilimpigia kaka simu papo hapo. "Ni kindi," nilimwambia. "Wamejaa juu ya dari. Baba alikuwa anasikia kweli."

"Kwa hiyo si mgonjwa?" kaka aliuliza.

"Sijui. Lakini kwa hili alikuwa sawa."

"Mpe simu."

Sikusikia walichoongea. Nilimwona tu baba akisema, "Ndiyo, ndiyo, wana mkia," akionyesha urefu wake kwa mkono kana kwamba mwanawe anamwona kutoka Nairobi. Jioni ile sikumpa kidonge, na siku zilizofuata pia sikumpa. Ulimi wake ukawa mwepesi tena. Akaanza kunisimulia mambo ya kituo, habari za mabehewa ya saruji na za mkubwa wake mmoja aliyeogopa ng'ombe. Nilikuwa nikisikiliza huku nimeacha kazi iliyo mkononi.

Nilimtafuta fundi Malaba, mtu anayejulikana kwa kuweka dari. Alikuja kwa pikipiki, ngazi yake imefungwa ubavuni, akiwa anaongea kabla hajashuka. Alizunguka nyumba mara moja tu.

"Hii ni kazi ndogo, madam," alisema. "Naweka sumu kwa ndizi, wiki moja wamekwisha wote."

"Watafia humo ndani," nilisema. "Tutakaaje na harufu hiyo?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. "Usiwape watu sumu," alimwambia fundi.

"Si watu, mzee. Ni kindi."

"Najua. Lakini usiwape."

Fundi alifungua mfuniko wa dari pale koridoni, akapanda na tochi. Tulimsikia akikohoa. Vumbi lilishuka, pamoja na vinyesi vidogo vyeusi na magunzi matupu ya mahindi yetu wenyewe. Alishuka uso umebadilika, akaniomba nipande nione nyaya za stima. Zilikuwa zimegugunwa hadi shaba ikaonekana, na waya mmoja ulipita sentimita chache kutoka kwenye rundo la majani makavu. Rundo hilo ndilo lililokuwa kiota chao. Lilikuwa limefumwa kwa maganda ya migomba, vipande vya chandarua, na nyuzi nyeupe ambazo mwanzoni sikuzitambua. Nilivuta uzi mmoja. Ukaja na kipande cha ua lililofumwa kwa kurosheti.

Vilikuwa vile vitambaa vya mama vya kuweka juu ya makochi. Alivifuma mwenyewe, miaka ile ya nyumba za reli. Vilipopotea baada ya mazishi nilidhani jamaa fulani amevichukua, na nikaamua moyoni kutouliza. Nilishuka nacho, nikampa baba kile kipande. Alikinyoosha juu ya goti lake, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Waliona ni kizuri," alisema.

Fundi alizima stima upande ule, na kazi ikaanza. Alingoja hadi jua limekuwa kali, tukamwona kindi mkubwa akitoka kwenda mparachichini. Hapo akapanda haraka, akapigilia wavu wa chuma kwenye tundu la ubao na kwenye kila mwanya ambapo mawimbi ya mabati yanakutana na ukuta. Alipomaliza alipangusa mikono na kusema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kabla hajakunja vifaa vyake, kindi alirudi. Alifika kwenye wavu, akaunusa, akaanza kukimbia ukingo mzima wa paa akienda na kurudi. Aling'ata chuma. Alilia sauti kavu, ya kukatakata. Na kutoka ndani, juu kabisa ya kiti cha baba, zikaanza sauti nyingine, nyembamba mno hivi kwamba mimi nilizisikia baada ya kunyamaza kabisa.

"Kuna watoto," baba alisema.

"Mzee, hakuna kitu. Nilimulika kila mahali," fundi alisema.

"Kuna watoto. Fungua."

"Nikifungua sasa, kazi yote ya leo imepotea."

Baba alisimama. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye ngazi na kuweka mguu kwenye kipandio cha chini. Fundi aliniangalia.

"Fungua," nilimwambia.

Alifungua tundu moja. Kindi aliingia kama amemwagwa humo ndani, na sauti nyembamba zikakoma. Fundi alikaa chini kwenye ngazi, akavua kofia.

"Kumbe ningeua watoto wa watu," alisema.

Tulikubaliana kungoja hadi watoto waweze kutoka wenyewe. Majuma yale ya kungoja ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote. Baada ya chai tulihamishia viti uani, tukawa tunatazama paa kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Baba alivaa shati safi kila siku bila kuambiwa. Aliniita kutoka jikoni: "Mama, njoo, ametoka!" Siku ambayo mtoto wa kwanza alichomoza tunduni, akaogopa, akarudi ndani, baba alijipigapiga paja kwa furaha. Walipoanza kurukia tawi alishika mkono wangu kila mmoja aliporuka, akauachia alipotua. Yule jirani alirudi kutoka Tororo, akatukuta uani tukicheka, akasema mzee amepona.

Nilimwambia kaka hivyo hivyo kwenye simu. Baba amepona. Nilianza kupanga kurudi Busia. Nilijiambia ule usahaulifu ulikuwa ni majonzi ya mama, na vidonge, na kuishi peke yake na kelele ambazo hakuna aliyezikubali. Mtu yeyote angesahausahau katika hali hiyo.

Fundi alirudi watoto walipokuwa wakitoka na kuingia kama wakubwa. Safari hii alikuja na kipande cha bomba la plastiki, akakiweka kwenye tundu kikielekea chini, na mdomoni mwake akaning'iniza ulimi wa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli. Kindi akitoka anausukuma, akitaka kurudi haufunguki. Tulingoja hadi nyumba ikanyamaza. Baba mwenyewe alisikiliza chumba kwa chumba, uso ameuinua, kisha akasema, "Wamehama." Fundi akapanda, akatoa kiota, akafagia, akatoa bomba na kuziba lile tundu la mwisho. Alibadilisha ubao uliooza. Fundi wa stima akabadilisha nyaya. Mwishowe tukakata matawi ya mparachichi yaliyokuwa yakifika juu ya nyumba, hadi kindi hata angejinyoosha vipi asingefika. Mahindi tukayahamishia kwenye mapipa yenye vifuniko.

Usingeweza kupata nyumba iliyozibwa vizuri kuliko hiyo Adungosi nzima.

Siku chache baba alikuwa mtulivu. Kisha asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, kichwa amekiinamisha upande.

"Wamerudi," alisema.

Nilitega sikio. Sikusikia kitu, lakini mara hii sikutaja mabati wala jua. Nilipanda ngazi, nikafungua mfuniko, nikamulika pande zote. Dari ilikuwa safi kama ilivyoachwa. Nilimpigia fundi, akaja bila kunung'unika, akakagua kila wavu kwa kidole. Kisha akaniomba majivu ya jikoni, akayanyunyiza juu ya mbao zote za dari, mpaka pembeni.

"Kama kuna kitu kinatembea humu, kitaacha miguu," alisema.

Baba aliwasikia asubuhi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara nilipanda. Majivu yalikuwa laini, meupe, hakuna hata alama ya mende. Nilikaa pale juu nimechuchumaa, tochi mkononi, nikiomba nione unyayo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kindi mmoja, hata panya.

Siku moja niliposhuka nilimkuta baba amenyoosha shingo, anatabasamu.

"Wanavuta viti," alisema. "Mama yako anapanga sebule. Anangoja wageni."

Nilimfunga vifungo vya shati, kwa sababu alikuwa amevikosea.

Kaka alipanda basi akaja. Nadhani hakuniamini, na simlaumu, hata mimi nilikuwa nataka nisiaminike. Alifika na viatu vyake vya ofisini, akamsalimia baba, na kabla ya kunywa maji akaomba ngazi. Alikaa juu muda mrefu. Niliona mwanga wa tochi yake ukipita kwenye nyufa za mbao, ukienda hadi ukutani na kurudi, ukienda na kurudi. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa majivu hadi kwenye nyusi. Alikaa kwenye kipandio cha tatu, akaweka uso mikononi, akalia kama nilivyomwona akilia alipokuwa mvulana.

Baba alimwendea. Alimpangusa majivu mabegani kwa kiganja.

"Pole, boss," alimwambia. "Umetoka mbali?"

Alimwita boss. Mtoto wake wa kwanza. Lilikuwa ni neno alilowaambia madereva wa malori na watu wa mizigo ambao hakuwajua majina.

"Nimetoka mbali, mzee," kaka alijibu.

Kaka aliporudi Nairobi nilimrudisha baba kliniki, na daktari alimrudishia vidonge, kipimo kidogo, ili awe mtulivu bila kulala kutwa. Nilirudisha kibanda changu kwa aliyenikodishia, nikampa jirani wa sokoni mizigo aniuzie. Mambo yaliondoka kwa baba moja baada ya jingine. Kwanza njia ya choo. Kisha kijiko. Nilijua siku moja itafika zamu yangu, na hata hivyo haikunikuta tayari. Nilikuwa nikimwosha miguu karaini, mchana, jirani akiwa anachambua mboga karibu nasi.

"Asante, dada," baba aliniambia.

Jirani aliacha kuchambua. Mimi niliendelea kuosha. Nilimwosha katikati ya vidole, nikamfuta kwa taulo, nikampaka mafuta. Kisha nikachukua karai nikaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, nikasimama huko hadi jirani alipokuja kunishika mkono.

Tangu siku hiyo nilikuwa dada. Alikuwa na adabu sana kwa dada. Aliniomba radhi akimwaga chai, akanishukuru kwa kila tonge. Wakati mwingine aliniuliza kama kwetu hawanitafuti.

Niliacha kupanda ngazi. Aliposema wako juu, nilikaa karibu naye tukasikiliza pamoja.

"Anafanya nini sasa?" nilimuuliza.

"Anapanga vitambaa."

"Wageni wamefika?"

"Bado." Alisikiliza. "Mwambie akae kidogo. Amesimama tangu asubuhi."

"Nitamwambia."

"Wewe ni mtu mzuri, dada," alisema, akafumba macho.

Alifariki mvua ndefu zilipoanza, asubuhi, nikiwa nimetoka kwenda kukinga maji ya paa kwenye mapipa. Nilipomwacha alikuwa amelala ubavu, anapumua. Nilirudi na ndoo, nikaiweka mlangoni, na kabla ya kufika kitandani nilijua. Nilimwita baba. Nilimwita kwa jina lake pia, ambalo sikuwahi kulitamka mbele yake. Jirani alisikia sauti yangu akaja mbio na leso kichwani, na wengine wakaja nyuma yake, na uani kukajaa.

Tulimzika kando ya mama. Fundi alikuja kutoka Malaba, akasaidia kufunga turubai na kupanga viti, na sikumsikia akiongea siku nzima. Watu wa reli waliobaki walikuja pia, wazee wamevaa makoti, na mmoja wao alisimama kueleza jinsi baba alivyoweza kuisikia treni ikiwa bado iko mbali. Watu walicheka kidogo, wakashangilia. Kaka alikuwa ameketi karibu nami. Alinishika mkono, akanong'ona, "Alikukumbuka mwishoni? Hata kidogo?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Ingemsaidia, na hakuna mtu angejua. Lakini mzee yule alikuwa bado anaongea mbele yetu, na nilitikisa kichwa tu kwamba hapana, na kaka akaubana mkono wangu zaidi, na tukakaa hivyo hadi walipotuita kwenda kutupa udongo.